Ushairi kama Shahidi: Kisiwa cha Pate na Vilima vya Bukonzo

Pate ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Lamu, kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya. Juu yake ipo miji ya Pate, Siu, Faza na Kizingitini, pamoja na magofu ya Shanga. Mtu akizipanga tungo kubwa za kale za Kiswahili kwa mahali zilipozaliwa, atajikuta akikirudia kisiwa hiki tena na tena. Tafsiri ya Hamziya, shairi la Kiarabu la kumsifu Mtume, aliyoifanya Sayyid Aidarus bin Athman ni ya Pate. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Athumani uliandikwa Pate mwaka 1728. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inauzungumzia mji huohuo ukiwa umekwisha kuanguka. Naye Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemwandikia bintiye utendi maarufu mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu.

Kwa sababu hiyo Pate ni mahali pazuri pa kuliuliza swali lililowasumbua wanafalsafa na wanazuoni kwa muda mrefu. Je, shairi laweza kuwa shahidi wa kweli wa watu na zama zao? Na shairi hilo likiwa la dini, lililotungwa ili kumwonya msomaji wala si kumsimulia habari, ushahidi wake unapungua au unazidi?

Plato aliwatilia shaka washairi kiasi cha kuwanyima nafasi katika mji aliouwaza. Aliona kwamba wanaiga sura ya nje ya mambo bila kuujua ukweli wake. Mwanafunzi wake Aristotle alishika upande wa pili: historia inasimulia yaliyompata fulani, na ushairi unaonyesha yanayoweza kumpata mtu wa namna fulani, kwa hiyo ushairi uko karibu zaidi na falsafa. Kurani nayo ina sura ya 26 iliyopewa jina la washairi. Mwishoni mwa sura hiyo washairi wanalaumiwa kwa kutangatanga na kwa kusema wasiyoyatenda, kisha wanaondolewa katika lawama wale walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mungu kwa wingi. Washairi wa Pate waliijua sura hiyo tangu walipokuwa watoto chuoni. Ndiyo maana kila mmoja wao anaanza kwa jina la Mungu na sala juu ya Mtume kabla ya kusema neno lolote la kwake. Ufunguzi huo ni zaidi ya desturi. Ni kama kiapo cha shahidi barazani: mtunzi anatangaza kwamba anasema akiwa mbele ya Mungu, na kwamba uongo wake utahesabiwa.

Lakini kiapo hakimfanyi mtu aone kila kitu. Ili kuupima ushahidi wa washairi hawa inafaa kwanza kujua kisiwa chenyewe kimepitia nini.

Watu walikuwa wakiishi Shanga, upande wa kusini wa kisiwa, tangu karne ya 8. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba huko katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa midogo, ya miti, ya baadaye ikiwa ya mawe. Shanga ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na miji mingine ikaendelea. Mji wa Pate ulitajirika kwa pembe za ndovu, ambari, boriti za mikoko na nguo za hariri ambazo Wareno walizisifu. Wareno hao hao walikuwa msiba: mwaka 1587 waliiteketeza Faza, na katika karne ya 17 Pate iliasi mara kadhaa ikaadhibiwa mara kadhaa. Ukoo wa Nabhani ulitawala, ukidai asili yake ni Omani. Habari za Pate, masimulizi ya ukoo huo yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka kwa wazee akiwemo Bwana Kitini, yanausogeza mwanzo wa utawala wao nyuma hadi mwanzoni mwa karne ya 13, tarehe ambayo wanahistoria wengi hawaikubali. Hapo tayari kuna funzo: hata nathari inayojiita historia huwa na mwajiri wake, na mwajiri huyo hupenda nasaba ndefu.

Utendi wa Tambuka unaonyesha jinsi ilivyo hatari kulichukua shairi kuwa picha ya moja kwa moja ya wakati wake. Utendi huo uliagizwa na sultani wa Pate, na unasimulia vita vya Waislamu dhidi ya Herakali, mfalme wa Rumi, katika enzi ya Mtume. Msomaji wa leo akiambiwa kwamba uliandikwa mwaka 1728, miaka 30 tu baada ya Waomani kuwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa, atasema haraka kwamba hii ni sauti ya Waswahili wakishangilia kushindwa kwa Wakristo wa Ulaya. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka huohuo wa 1728 Wareno walirudi Mombasa, na mmoja wa waliowaita ni mtawala wa Pate mwenyewe, aliyekuwa amechoshwa na Waomani. Baraza lililosikiliza beti za Waislamu wakipambana na jeshi la msalaba ndilo lililokuwa likipatana na watu wa msalaba. Utendi hauyasemi hayo. Unaonyesha kile ambacho watu wa Pate walitaka kuamini juu yao wenyewe, nayo ni habari ya kweli, ila si habari ya siasa ya mwaka ule. Bila barua na mikataba ya Wareno, utendi peke yake ungempotosha mtafiti.

Al-Inkishafi ni jambo jingine kabisa. Hapa mshairi anakitazama kisiwa chake uso kwa uso. Utungo una beti zinazokaribia 80. Kila ubeti una mistari minne yenye mizani kumi kumi. Mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unashika kina kinachorudi tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo. Sayyid Abdallah alikuwa sharifu, wa kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim wa Hadhramauti. Anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anauliza kwa nini hauamki, kwa nini umeshikamana na dunia ambayo ni bahari iliyochafuka, taa iliyowekwa penye upepo, mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu. Kisha anauita moyo utazame mfano ulio karibu: mabwana wa Pate.

Sehemu hiyo ya katikati ndiyo iliyolifanya shairi hili lisisahaulike. Mabwana wale walitembea kwa maringo, watu wakiwa mbele na nyuma yao. Nyumba zao ziliwaka taa za bilauri na za shaba, usiku ukawa kama mchana. Vyombo vya kauri vya kuchagua vilipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vitandani palikuwa na magodoro na mito iliyonakshiwa. Walipolala walikuwapo wa kuwakanda, wa kuwapepea na wa kuwatumbuiza hadi usingizi uwachukue. Halafu mauti yakawatwaa, wakalazwa ndani ya kaburi jembamba, mchanga ukawafunika, miili ikaoza. Katika nyumba zao sasa wanavuma mende, bundi wanalia, buibui wametanda, na katika zile zidaka zilizokuwa na sahani wamelala makinda ya ndege. Nyuani mwao mmeota magugu. Wapita njia wanaogopa kiza na ukimya. Wala mshairi hawapigi mijeledi matajiri peke yao, maana makadhi waliosoma vyuo na kuwaongoza watu anawataja nao katika orodha ya waliokwenda. Mwishoni anataja majina ya moto wa Jahanamu, tabaka baada ya tabaka, na kuuachia moyo uchague.

Mwenye shaka ana hoja nzito hapa. Masikitiko juu ya majumba yaliyohamwa hayakuanzia Pate. Washairi wa Kiarabu kabla ya Uislamu walisimama penye mabaki ya kambi na kuuliza waliko waliokaa pale. Abu al-Atahiya wa Baghdad, aliyekufa karibu na mwaka 826, alijaza diwani kwa kuwakumbusha wafalme kaburi. Kurani inawahimiza watu watembee katika ardhi waone mwisho wa waliotangulia, na inawataja Adi na Thamudi. Katika Biblia kuna kitabu cha Mhubiri juu ya ubatili wa mambo yote, na kuna Maombolezo juu ya Yerusalemu iliyoangushwa na Wababeli katika karne ya 6 kabla ya Kristo, ambamo mji uliojaa watu unakaliwa na upweke. Sharifu msomi kama Sayyid Abdallah aliyarithi mengi ya haya. Bundi na buibui walikwisha kukaa katika magofu ya mashairi kabla ya kukaa katika magofu ya Pate. Basi ni kipi kinachothibitisha kwamba alichokiandika alikiona, na si kwamba alikisoma?

Jibu la kwanza limo katika shairi lenyewe. Mshairi anaiona shaka hiyo inakuja. Anauambia moyo kwamba kama hausadiki na unadhani ni uongo, uende kwenye nyumba zile, ugeuze shingo huku na huku, uite, nao hautajibiwa na chochote ila mwangwi. Hii ni hatua ya ajabu katika shairi la mawaidha. Mhubiri wa kawaida angetaka kuaminiwa kwa heshima ya dini. Huyu anataka akaguliwe. Alikuwa akiandikia watu wa Pate na Lamu ambao wangeweza kutembea hadi penye magofu na kumkuta mwongo, na hakuogopa.

Jibu la pili linatoka mchangani. Nyumba za mawe za Waswahili zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari. Katika chumba cha ndani, ukutani, mafundi walichonga safu za zidaka katika plasta. Zidaka hizo zimebaki katika magofu ya Pate na katika nyumba za kale za Lamu, na vigae vya kauri za China vimeokotwa na wachimbaji katika miji yote ya kale ya pwani hii. Hakuna shairi la Baghdad wala kitabu cha nabii kinachoweza kumpa mtu zidaka zenye makinda ya ndege. Kitu hicho ni cha pwani ya Waswahili. Mshairi alikitaja bila kueleza ni kitu gani, kwa kuwa kila msikilizaji wake alikuwa nacho nyumbani.

Hapa ndipo panapopatikana kanuni ya kufaa kwa kupima ushahidi wa shairi lolote la zamani. Shairi huaminika zaidi katika yale ambayo halikuwa na haja ya kuyathibitisha. Pale linapokazana kumshawishi mtu, kwa mfano kwamba matajiri wote walikuwa na kiburi au kwamba furaha yao yote ilikuwa ya bure, msomaji ana haki ya kusita. Pale linapotaja taa, mto, kidaka au mpepeaji kama vitu vya kila siku, ili tu lifike kwenye onyo lake, linasema kweli karibu bila kujua. Ukweli wa namna hiyo hauwezi kupangwa, na kwa hiyo ni vigumu kuughushi.

Linabaki suala la sababu. Kwa nini Pate ilianguka? Mwanahistoria ana majibu kadhaa. Koo za watawala ziligombea kiti, hasa baada ya kufa Fumo Madi, sultani wa mwisho mwenye nguvu. Miji ya kisiwa kimoja ilipigana yenyewe kwa yenyewe. Bandari ya mji wa Pate ilikuwa ya kina kifupi, vyombo vikiingia maji yakijaa tu, na biashara ikahamia Lamu. Yapata mwaka 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa walitua Shela kuishambulia Lamu, na wakashindwa vibaya. Masimulizi yanasema maji yalikupwa, majahazi yakakwama mchangani, na wengi waliuawa ufukweni wakijaribu kuyasukuma. Lamu ikamwita Sayyid Said wa Omani ailinde, na kuanzia hapo nguvu za ukoo wake wa Busaidi zikapanda kaskazini. Pate haikuinuka tena.

Al-Inkishafi halitaji hata moja kati ya haya. Kwa mshairi, mabwana waliondoka kwa sababu kila mtu huondoka, na walichokosa ni kuikumbuka siku hiyo. Je, ni kosa? Kwa upande mmoja si kosa, kwa sababu maswali ni mawili. Mwanahistoria anauliza kwa nini Pate na si Lamu. Sayyid Abdallah anauliza kwa nini mtu aliye hai ajidanganye kwamba yeye hatafikiwa, na kwa swali hilo Lamu na Pate ni sawa. Mtu akiyachanganya maswali hayo mawili atamwona mshairi kuwa mjinga wa siasa au mwanahistoria kuwa mpungufu wa imani, na yote mawili ni dhuluma.

Kwa upande mwingine upungufu upo, tena mkubwa, na heshima kwa shairi isitumike kuuficha. Jahazi zilizokwenda Shela zilipelekwa na watu waliofanya shauri, wakaamua. Ugomvi wa kiti ulikuwa wa watu wenye majina. Anguko likigeuzwa kuwa amri ya mauti tu, wale waliouharibu mji wanapata kifuniko kizuri: dunia ni hivyo, haidumu. Dini ya mshairi mwenyewe haifundishi hivyo, kwani inamdai kila mtawala hesabu ya alichokitenda. Moto anaoutaja mwishoni mwa utungo ni mahali pa hesabu hiyo, lakini hesabu yenyewe ya Pate, nani alifanya nini, shairi halikuiandika.

Mwenye kutaka siasa ya vita vile aende kwa washairi wa aina nyingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840 hivi, alitunga mashairi ya kuwashambulia maadui wa Mombasa, na upande wa Lamu Zahidi Mngumi naye aliwatungia watu wake. Tungo hizo zina hasira, kejeli na vitisho, na zimejaa mambo ambayo msikilizaji wa siku ile aliyafahamu papo hapo. Zimepungukiwa na uzito wa roho uliomo katika Al-Inkishafi, lakini kwa kujua nani alimtukana nani na kwa sababu gani ndizo bora. Kisiwa hakina shairi moja la kukieleza. Kinaelezwa na mashairi yake yakisomwa pamoja, la ibada kando ya la vita, la mwanamume kando ya la mwanamke.

Mwana Kupona ni mfano wa hilo. Mumewe, Bwana Mataka, aliipigania Siu dhidi ya Sayyid Said, na katika miaka ya 1840 jeshi la Omani lilipigwa huko hata amiri wake akauawa. Mtu angetazamia mjane wa mpiganaji kama huyo aandike juu ya vita. Yeye, akiwa mgonjwa, alimwandikia bintiye Mwana Hashima jinsi ya kumcha Mungu, kutunza adabu, kumpendeza mume na kuweka nyumba. Wasomaji wa sasa hubishana kama utendi ule unamfunga mwanamke au unamfundisha mbinu za kuishi katika nyumba isiyompa mamlaka. Kwa mwenye kutafuta historia, kuna jambo jingine la kutazama: wakati wanaume wa Siu walikuwa wakihesabu mizinga, mwanamke mmoja alihesabu mambo yanayotendeka ndani ya mlango, na kwa kuyahesabu akayaokoa yasipotee.

Wapo ambao hakuna aliyewahesabia. Katika Al-Inkishafi kelele za watumwa na wahadimu ni sehemu ya shangwe ya nyumba. Wanakanda, wanapepea, wanaimba, na mabwana wakifa wao wanatoweka katika shairi pamoja na taa. Mshairi anauliza wako wapi mabwana. Hakuuliza aliyekuwa ameshika kipepeo amekwenda wapi: aliuzwa, alirithiwa, alikufa njaa, alihamia Lamu? Hilo si dogo. Mtu aliyefundisha kwamba mauti huwasawazisha watu wote, hakuwapa watu wote nafasi sawa hata ndani ya mauti. Na bado, kwa kanuni ile ile ya vitu vilivyotajwa bila kukusudiwa, ni yeye aliyeacha alama kwamba walikuwapo. Neno moja juu ya mpepeaji linatosha kumwambia msomaji makini kwamba usingizi wa bwana ulilipwa kwa kukesha kwa mtu mwingine.

Suala la mwisho juu ya Pate ni njia ambayo shairi limepita hadi kufika mikononi mwa msomaji. Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakubali maneno bila isnadi, yaani mlolongo wa walioyapokea, na kila mtu katika mlolongo huo hupimwa ukweli na kumbukumbu yake. Mashairi ya Pate nayo yana isnadi. Yalinakiliwa kwa hati za Kiarabu, na nakala zinatofautiana. Muhammad Kijuma wa Lamu, fundi wa mkono na mshairi mwenyewe, alinakili miswada mingi kwa ajili ya Wazungu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. William Hichens alichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, na James de Vere Allen akatoa toleo lake mwaka 1977, na matoleo hayo hayafanani katika kila ubeti. Anayelitumia shairi kama ushahidi anapaswa kujua anaishika nakala ya nani. Bila hilo, anaweza kujenga hoja juu ya neno lililoongezwa na mnakili miaka mia baada ya mtunzi kufa.

Haya yote yanaweza kuonekana kuwa mambo ya pwani ya mbali kwa msomaji wa Kasese, magharibi mwa Uganda. Hayako mbali. Wakonzo wa vilima vya Bukonzo, kuanzia Kyondo hadi Bwera na kuvuka mpaka wa Mpondwe kwa ndugu zao Wanande wa Kongo, ni watu ambao kwa muda mrefu waliandikwa na wengine. Taarifa za maofisa wa Kiingereza na kumbukumbu za ufalme wa Toro ndizo zilizowekwa makabatini. Walichojiwekea wenyewe kilikuwa katika nyimbo: za maombolezo, za mavuno, za mizimu ya milima na Kitasamba aliye thelujini, za vijana wakipiga endara, ile marimba kubwa inayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Historia ya kukumbukwa haikukosekana. Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya walioongoza upinzani dhidi ya utawala wa Toro walinyongwa mwaka 1921. Isaya Mukirania alianzisha chama cha kukusanya historia ya maisha ya Wakonzo katika miaka ya 1950, na kazi hiyo ya kuwasikiliza wazee ilikuja kuwa msingi wa madai ya kisiasa. Tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu, nchi ya milimani ya Wakonzo, ilijitangazia uhuru wake. Mapatano yalifikiwa mwaka 1982, na serikali ya Uganda ikautambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009.

Maswali ya Pate yanawahusu watu hawa moja kwa moja. Wimbo wa kumsifu kiongozi wa Rwenzururu utasema alichotaka kiongozi kisemwe, kama Utendi wa Tambuka ulivyosema alichotaka sultani. Thamani yake kubwa iko katika yale uliyoyataja kwa kupita tu: njia ipi ilipandwa usiku, chakula gani kilibebwa, nani alibaki na watoto. Wimbo wa kanisani unaoyaeleza mateso ya miaka ile kuwa jaribu la imani unajibu swali la kweli, lakini hauwaondolei waliofanya maamuzi wajibu wa kuulizwa. Na wimbo wowote wa mlimani usomwe pamoja na nyimbo za tambarare, za Wasongora wafugaji, za Wanyabindi na za Watoro walioishi hapo hapo na kuumia katika migogoro hiyo hiyo. Jamii iliyoonja kusimuliwa na wengine inajua uchungu wake. Isiwafanyie wengine hivyo katika nyimbo zake yenyewe.

Kazi inayodaiwa si kubwa kwa gharama. Mwalimu wa Kyondo mwenye simu ya kurekodia, katekista wa Bwera anayejua nani aliimba katika matanga gani, mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo, kila mmoja anaweza kuutia wimbo katika maandishi ya Lukonzo na kuandika chini yake jina la aliyeuimba kwa idhini yake, mahali, mwaka, na aliyemfundisha. Mwimbaji wa pili akiuimba kwa maneno mengine, yaandikwe na hayo, yasisahihishwe yalingane na ya kwanza. Hiyo ndiyo isnadi, na Pate ingekuwa nayo kwa ukamilifu, mabishano mengi juu ya tungo zake yasingekuwapo. Kazi ianze mwaka huu, kwa sababu waliokuwa watu wazima mwaka 1962 sasa wamepita miaka 80.